Ndege ya Maskati

Siku nilipomwachia Mutheu funguo za ofisi, nilidhani ataniuliza kuhusu ile printa inayotafuna karatasi, au kuhusu mwenye nyumba wetu, ambaye kila mwezi hupanda ngazi akiwa amekasirika na kushuka akiwa amesahau kilichomkasirisha. Hakuuliza hayo. Aliegemea dawati lililokuwa langu mpaka asubuhi hiyo, akasema, "Mama, kukata tiketi nimejua. Lakini hii ya mtu kukosa ndege bado inanishinda. Mtu akiingia hapo mlangoni analia, mimi naanzia wapi?"

Nikamwambia nitamwandikia. Hii ndiyo niliyoandika. Imekuwa ndefu kwa sababu siku hizi nina muda, na pia kwa sababu kila nikianza kueleza namna ya kufanya, ninamkumbuka aliyenifundisha, na maelezo yanaacha njia.

Ofisi yetu iko orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, mjini Kitui. Siku yangu ya kwanza nilipanda nikiwa nimevaa viatu vya kukopa, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikanifuata mpaka juu. Miaka yote niliyokaa pale, wateja waliniuliza kama tunasafirisha na mbuzi. Ndani nilimkuta Mama Zainabu, mwenye ofisi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye buibui jeusi na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani kuuza nguo, akaoa, akazikwa hapa hapa. Yeye mwenyewe alizaliwa Kitui. Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya.

Asubuhi hiyo hiyo nilimwambia, "Mama, ile kitabu yako ya simu imepotea."

Akanitazama juu ya miwani. "Kitabu hakijapotea, Syombua, kiko chini ya kiwiko chako. Kilichopotea ni ngeli."

Siku hizo tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi laini chenye kaboni nyekundu kati ya kurasa. Ulikuwa unaandika kwa kukandamiza kalamu, na jina likikosewa herufi moja, unaharibu kijitabu kizima na kuanza upya. Jioni nilirudi nyumbani na vidole vyekundu kama mtu aliyechinja kuku. Kompyuta ilikuwa moja, yenye maandishi ya kijani, na stima ikipotea tulirudi kwenye simu ya mezani, tukapiga Nairobi na kungoja mtu apokee. Mama Zainabu alingoja bila kuhema wala kugonga meza. Aliweza kushika mkono wa simu kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa, na mtu akipokea upande wa pili, sauti yake ilitoka laini kana kwamba ameanza kupiga dakika hiyo.

Mtu wa kwanza niliyemwona akikosa ndege alikuwa mhubiri kutoka Mwingi. Alikuwa aende mkutano wa kanisa nchi za nje, lakini kwanza aendeshe mazishi. Mazishi yakachelewa. Kwetu Ukambani hakuna mtu aliyezaliwa ambaye anaweza kumnyang'anya mjomba kipaza sauti. Alipofika uwanja wa ndege Nairobi, kaunta zilikuwa zimefungwa. Basi kesho yake akaja ofisini kwetu na begi lake, akiwa amefura.

Akaanza kusema kwa sauti ya mimbarini. Mama Zainabu akamvutia kiti, akamwita mwenye kibanda cha chai pale chini alete vikombe, na hakugusa simu mpaka yule bwana alipokunywa kikombe kizima. Mimi niliona anapoteza wakati. Kisha akamuuliza mambo matatu, polepole, kama daktari: begi lako liko wapi, nani anakungoja kule, na tiketi yako ya kurudi ni ya lini.

Baadaye, mhubiri alipokwisha kuondoka na tarehe mpya, nilimuuliza kwa nini ameulizia ya kurudi wakati mtu hata hajaenda. Akanieleza jambo ambalo, Mutheu, nakuomba ulishike kuliko yote. Mtu asipotokea uwanjani na asiseme neno kwa yeyote, shirika la ndege linamhesabu kuwa ameacha safari nzima. Kiti cha kwenda kinapotea, na kile cha kurudi kinafutwa nacho. Watu wengi hukimbilia kununua tiketi nyingine ya kwenda kwa hofu, wakafika huko, na siku ya kurudi wanaambiwa majina yao hayapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusema. Piga simu kabla ndege haijaondoka, kwa shirika au kwa ofisi iliyokukatia tiketi, useme umezuiwa, na uombe wakuhamishe. Mtu aliyesema amechelewa ana nafasi kubwa kuliko aliyenyamaza.

Nilikuja kuyaona hayo kwa macho yangu mwaka ule wa mvua kubwa, tulipokuwa na safari ya Kavutha wa kijiji cha Tulia.

Kavutha alikuwa mjane, mkulima wa ndengu na mbaazi, na hakuwa amepanda ndege maishani. Binti yake wa pekee, Mwikali, alikuwa muuguzi Uingereza. Mwikali alikuwa amepatikana na uvimbe kichwani na alikuwa akingoja upasuaji. Aliwaambia madaktari wake kwamba hatalala kwenye meza yao kabla mama yake hajafika. Viza ilichukua muda mrefu ikatoka siku za mwisho mwisho. Tulimkatia Kavutha ndege ya jioni, na mpwa wake akakubali kumpeleka kwa gari.

Siku ya safari, kabla ya adhuhuri, simu ya ofisi ikalia. Nikaipokea mimi. Upande wa pili nilisikia upepo na watu wakipiga kelele.

"Hii maji imejaa mpaka kwa ile miti," Kavutha alisema. "Gari imekataa kuingia. Kuna lori imejaribu, sasa iko hapo katikati na dereva amepanda juu ya kabini. Mwanangu, ndege itaningoja?"

Kati yake na barabara kuu palikuwa na drifti, ile sakafu ya zege ambayo magari hupitia mtoni, na mto ulikuwa umeifunika. Mama Zainabu akanyoosha mkono, nikampa simu. Akamsemesha kwa Kikamba, taratibu, akimwita mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, nisikilize. Ndege bado haijaondoka. Mpaka iondoke, wewe hujaikosa. Rudi nyumbani kwa jirani aliye karibu, ukae mahali pakavu, simu yako iwe na chaji. Mimi napiga Nairobi sasa."

Akapiga. Kijana wa shirika la ndege akamuuliza sababu ya abiria kuchelewa. "Amezuiwa na mto," akasema. Niliweza kumsikia kijana akiuliza, "Mto gani, Mama? Nairobi hatuna mafuriko." Mama Zainabu akafunga macho. "Mwanangu, abiria wangu hatoki Nairobi."

Alimpata kiti, lakini si cha kesho yake. Cha kesho kutwa, na kwa njia nyingine yenye kubadilisha ndege katika nchi za Ghuba. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili. Ukihamisha mtu, usifurahie kiti tu. Angalia kama nchi anayopita inataka viza ya kupita, kama begi litakwenda moja kwa moja, na kama tiketi zote mbili ziko chini ya namba moja. Siku hizi vijana wananunua vipande vipande kwenye simu, kipande hiki shirika hili, kile shirika lile. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina habari nao. Tiketi ikiwa moja, na waliochelewesha ni wao, ni juu yao kukutafutia ndege nyingine, na ukilazimika kulala, wakupe chakula na pa kulala. Lakini uende kaunta yao uombe, uwe na sauti ya kawaida, na uondoke na karatasi inayosema kilichotokea.

Mama Zainabu aliomba pia Kavutha asaidiwe na kiti cha magurudumu kila uwanja atakaoshukia. Tulipomweleza, alikasirika.

"Mimi si kiwete! Jana nimepalilia shamba mzima."

"Si kwa ajili ya miguu," Mama Zainabu akamwambia. "Ni kwa ajili ya njia. Anayekisukuma hicho kiti anajua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Wewe kaa, ujifanye malkia."

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Mwikali. Hiyo simu Mama Zainabu aliipiga mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, nami nikaketi nje kwenye ngazi. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu. Madaktari hawakuweza kusogeza tarehe. Alikuwa amemwomba yule binti akubali kupasuliwa mama akiwa njiani.

Kavutha alifika siku moja baada ya upasuaji. Aliporudi nchini miezi baadaye, alikuja ofisini na kiondo cha ndengu kabla hata hajafika kwake Tulia, akatuhadithia. Alikuwa amesukumwa kwenye kile kiti mpaka mlango wa gari la kumpeleka hospitali, kwa sababu hakujua kwamba anaruhusiwa kushuka. Mwikali alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima. Alipomwona mama yake, neno la kwanza alisema, "Umechelewa, na umekuja na kile kitambaa nilikuambia utupe."

"Nikajua amepona," Kavutha alisema. Tulicheka watatu mpaka mwenye duka la dawa akapanda kuuliza kuna nini.

Nimekaa na kumbukumbu hiyo mara nyingi tangu nistaafu. Si ndege ninayoikumbuka, ila ile hali ya watu watatu katika chumba kidogo, jua la alasiri likiingia dirishani, na mmoja wao anafuta machozi kwa ncha ya buibui. Wakati huo niliona ni alasiri kama nyingine.

Kisha magoti ya Mama Zainabu yakaanza kumsumbua. Ngazi zetu akawa anazipanda kwa kupumzika. Mwanawe wa pekee, Abdalla, alikuwa na kazi na familia Maskati. Alikuwa ametolewa Kitui akiwa mdogo sana kwenda kusoma Mombasa kwa mjomba wake, na kutoka huko akavuka. Akamwambia mama yake kwamba yatosha, aje alelewe. Mama Zainabu aliondoka mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na ukungu. Tiketi yake nilimkatia mimi. Ya kurudi aliniambia niiache wazi.

"Nitakuja kuwatazama," alisema.

Alipofika Maskati alipiga simu, na tangu hapo akapiga kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Hakusema sana habari zake. Aliuliza, "Nani amekosa ndege wiki hii?" Nami nikamsimulia: mwalimu aliyesahau pasipoti kwenye mfuko wa suti aliyoipeleka kwa dobi, bibi harusi wa mji wa Wote ambaye ndege yake iliahirishwa na sherehe ikaendelea bila yeye, keki ikakatwa na dada yake. Alicheka, akaniuliza nilifanya nini, kisha akaniambia nilichosahau. Kila mara kulikuwa na nilichosahau. Halafu aliuliza, "Mvua imekuja?" Nilimjibu, na simu ikakatika, maana muda wa kadi yake ulikuwa ukiisha, au ndivyo alivyosema.

Ofisi ikawa yangu kuiendesha. Tulikupata wewe, Mutheu, unayejua kompyuta kuliko mimi na unayeongea na wateja kwa Sheng ya vijana mpaka wazee wanafikiri umetoka nchi nyingine. Kazi ilikwenda vizuri. Lakini nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye karatasi nimwambie mtu jambo, na ninayetaka kumwambia hayupo. Nimesikia wajane wakieleza hivyo kuhusu waume zao. Sikujua kwamba mtu anaweza kupatwa na hali hiyo kwa ajili ya mwenzake wa kazi.

Mwaka jana simu za Ijumaa zikawa fupi. Halafu akawa anapiga Abdalla. Kisha siku moja akasema, "Dada Syombua, Mama amelala kitandani sasa. Anakutaja. Kama unaweza kuja, njoo."

Viza ya kule haikuchukua muda. Nilijikatia ndege ya alasiri, na siku moja kabla nikaenda kulala kwa dada yangu Ndunge, mwenye duka mjini Sultan Hamud. Nilijiona mwerevu: kutoka pale ni barabara moja, ya lami, moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Hakuna drifti, hakuna mto. Ndunge alinifungia ndengu na unga wa wimbi, tukaagana asubuhi mapema kuliko ilivyohitajika.

Hatukufika mbali. Lori la mafuta lilikuwa limelala ubavu, limeziba barabara, na mafuta yakitiririka mpaka mtaroni. Polisi walikuwa wamefunga pande zote mbili kwa kuogopa moto. Magari yalijipanga mbele yetu mpaka yakapotea kwenye kilima. Dereva wangu, mzee wa kanisani kwa Ndunge, akazima injini. "Hapa, dada, ni kuomba tu," alisema, akashusha kiti chake na kuanza kuomba, na baada ya muda mfupi akakoroma.

Jua likapanda. Akina mama wa karibu wakatokea na machungwa na maji ya chupa. Mimi nilikaa na mkoba mapajani, nikiitazama saa ya gari, nikihesabu bado kuna nafasi, halafu nafasi ndogo, halafu hakuna. Na nikwambie kweli, Mutheu: kila nililokufundisha liliniondoka. Nilitaka kushuka nikimbie. Nilitaka kumpigia kelele polisi. Nilikuwa yule mhubiri wa Mwingi kabisa, ila sikuwa na mimbari.

Mwishowe nikapiga simu ofisini.

"Mutheu, ni mimi. Leo abiria ni mimi. Niko barabarani huku Sultan Hamud, sitafika."

Kisha ukasema, "Sawa, Mama. Ndege bado iko chini. Uko mahali pa kukaa?" Nikasema niko ndani ya gari. "Umekunywa maji?" Nikasema bado. "Basi kunywa, mi naongea na hao watu."

Nikanunua maji kutoka dirishani, nikanywa, nikalia kidogo, na yule mzee akaendelea kukoroma. Ulipopiga tena ulikuwa umenihamishia ndege ya asubuhi iliyofuata, na tiketi yangu yote ilikuwa hai. Ilibaki nithibitishe kwenye kaunta siku ile ile. Barabara ilifunguliwa alasiri. Tulifika uwanjani jua likiwa bado liko juu, ndege yangu imeshaondoka.

Nilikuwa kwenye foleni ya kaunta ya tiketi, mtu mmoja mbele yangu, Abdalla alipopiga.

Sikuhitaji aseme. Nilisikia sauti za watu wengi nyuma yake. "Dada," alisema, "Mama ametutoka. Mchana huu." Nikamwambia pole. Nikamwambia nimekosa ndege. Akasema anajua, wewe ulikuwa umemwambia. Kisha akasema kwa upole sana, "Tunamzika leo hii baada ya magharibi. Usijisumbue sasa. Hata ungewahi ndege hiyo, ungemkuta ameshawekwa. Utuombee tu ukiwa huko."

Mtu aliyekuwa mbele yangu akamaliza. Msichana wa kaunta akaniita, nikasogea. Alikuwa na jina la kwetu kwenye beji yake, na aliangalia kompyuta kabla ya kunitazama.

"Mama, naona umehamishiwa ya kesho asubuhi. Tuithibitishe, ama tuifute?" Halafu akaniona uso. "Ama ungependa kukaa kwanza?"

Sikukaa. Nilisimama pale nikishika ukingo wa kaunta. Wateja wangapi nimewaambia, mtu wanayemwendea akishafariki, kwamba si lazima tena? Nilisema kwa wema. Nilidhani ninawapunguzia mzigo. Nikafikiria kurudi kwa Ndunge, kurudi Kitui, kupanda zile ngazi Jumatatu asubuhi. Na Ijumaa ingefika, simu isilie.

"Thibitisha," nikamwambia.

"Pole sana, mwaitu," alisema, na akaanza kuandika.

Nilipata pa kulala karibu na uwanja. Asubuhi nikapanda ndege, nikakaa dirishani, nikatazama nchi ya rangi ya kahawia ikipita chini mpaka mawingu yakafunga. Sikuwa na ninalokwenda kufanya. Hilo lilinisumbua njia nzima. Miaka yote nimepanga safari za watu wenye sababu.

Abdalla alinipokea. Amekuwa mwanamume mwenye mvi, na anatembea kama mama yake, kichwa mbele kidogo. Nyumbani wanawake walikuwa wameketi chumba cha ndani, mikeka imetandikwa, kahawa inapita. Mkewe, Rahma, ambaye wazazi wake walitoka Unguja, alinikumbatia kama ndugu na kunikalisha karibu naye. Kiswahili chao wote kilikuwa kama cha Mama Zainabu. Nilifumba macho, na kwa muda nikasikiliza tu sauti, bila kufuata maneno.

Siku ya pili, wageni walipopungua, Rahma alinisogelea. Ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, maana Abdalla alikuwa kazini kutwa na akirudi jioni humkuta mama amelala.

"Nataka kukuuliza jambo, dada," alisema. "Siku zake za mwisho alikuwa akisema neno moja. Mchana kutwa. Kuinuka. Anasema kuinuka, kuinuka. Basi sisi tunamwinua. Tunamwekea mito, tunamkalisha vizuri. Anatazama chumba, halafu ananitazama mimi, anasema tena. Namlaza, namwinua upya. Mpaka mikono ikaniuma. Na kila mara nikiona machoni mwake kwamba sivyo." Akafuta uso kwa ukaya wa kichwani. "Wewe umemjua zaidi. Nilikosea kumwinua?"

"Alisemaje hasa?" nikamuuliza. "Niambie kama alivyosema yeye."

Rahma akafikiri. Kisha akasema, kwa kujaribu jaribu, kama mtoto anayerudia wimbo wa lugha ngeni: "Ningwenda kuinuka."

Nikaweka kikombe chini. Kwa muda nilifikiri kumwambia kwamba alifanya sawa, tuache hapo. Alikuwa mwanamke aliyechoka, amefanya kila alichoweza. Lakini aliniuliza jambo, na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeweza kumjibu.

"Hukukosea," nikamwambia. "Uliyasikia kwa Kiswahili. Yeye alikuwa akisema Kikamba. Kwetu, kuinuka ni kwenda nyumbani. Alikuwa akisema anataka kurudi nyumbani."

Rahma alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani atanichukia. Alilia kwa muda, na mimi nikalia naye, tukiwa tumeshikana mikono juu ya mkeka. Halafu akanyoosha ukaya wake, akawasogeza karibu wadogo zake waliokuwa chumbani, na akaniambia:

"Sisi hatujafika Kitui. Alikuwa akituhadithia, lakini hatujafika. Basi tupe njia, dada. Kutoka uwanja wa ndege, mtu anakwendaje?"

Nikaanza. Nikawaambia unatoka uwanjani unashika barabara ya Mombasa, unaiacha njia panda ya Kyumvi, unapanda Machakos penye vilima na baridi. Nikawaambia unapita Wamunyu, ambako wanaume wanakaa vibarazani wakichonga twiga wa mti, halafu barabara inateremka na joto linaanza kuingia dirishani. Wakaniuliza ni joto kama la Maskati? Nikasema hapana, ni joto lenye upepo. Nikawavusha daraja la mto Athi. Nikawaambia habari za udongo mwekundu, unaoshika pindo la nguo na hautoki kwa kufua mara moja. Nikapita nao Kwa Vonza, sokoni, nikawaonyesha nyumba yangu upande wa kulia. Mmoja wa wadogo zake Rahma akauliza ni mbali gani kutoka hapo mpaka Kitui.

"Si mbali tena," nikamwambia. "Kilima hicho, na kingine, halafu unaona paa za mji."